Tarakimu Sitini za Shangazi

Wale mlionisikia redioni Jumapili iliyopita mtaniwia radhi, kwani haya mnayafahamu tayari. Lakini wapo walionipigia simu kunieleza kwamba umeme ulikatika katikati ya mazungumzo yangu, na kwa kuwa mazungumzo yenyewe yalihusu umeme, naona ni haki yao wayapate hapa gazetini.

Nianze na shangazi yangu. Anakaa Temeke, ana umri wa miaka 68, ni mjane, na shughuli inayomweka mjini ni friza moja iliyosimama ukumbini, kubwa kuliko kochi. Humo anahifadhi samaki wa kuuza, mifuko ya barafu, na juisi ya ukwaju ambayo watoto wa mtaa wanaijua kwa jina lake. Hana mfanyakazi. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia yuko bweni, shuleni.

Jumamosi moja ya mwaka 2024, jua likiwa limekwisha kuzama, uniti zilimwishia. Hilo si jambo geni. Sote tunaotumia LUKU tunaujua ule ukimya unaoingia nyumbani ghafla, feni inapopunguza mwendo na kila mtu kumtazama mwenzake kuuliza nani ana hela kwenye simu. Shangazi alinunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu yake ndogo ya vitufe, kama afanyavyo kila wiki. Ujumbe ulipoingia, badala ya mstari mmoja wa tarakimu 20 aliouzoea, mlikuwa na mistari mitatu. Tarakimu 60.

Shangazi alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Aliutazama ujumbe kwa makini, akaona mstari wa mwisho uko karibu na maneno ya fedha na idadi ya uniti, akasema moyoni: huu ndio umeme wangu, hiyo mingine ni mambo yao wenyewe. Akapanda juu ya kigoda, kwa sababu mita yake imefungwa juu ukutani, mahali palipofaa zamani kwa msoma mita kuchungulia na si kwa bibi kubonyeza. Akabonyeza. Mita ikaandika neno la Kiingereza lenye maana kwamba imekataa. Akashuka, akafuta miwani, akapanda tena. Ikakataa. Mara nne.

Saa tatu usiku akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii mita yako imeniibia."

Aliiita mita yangu kwa sababu tangu nilipoanza kusema redioni, kitu chochote chenye vitufe katika ukoo wetu huhesabiwa kuwa ni changu. Nikamwambia atulie, tutaifanya pamoja kwa simu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Ile simu aliyokuwa ameiweka sikioni kuzungumza nami ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na ujumbe wa tarakimu, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa tochi yake. Akinisikiliza mimi, hazioni tarakimu. Akizisoma tarakimu, hanisikii. Akiishika simu kwa mkono mmoja na kujishikilia ukutani kwa mkono wa pili asianguke kigodani, hana mkono wa kubonyezea. Tulihangaika kwa dakika ishirini hivi, kisha chaji ikaisha.

Nilikwenda asubuhi. Nilinakili tarakimu zote kwenye karatasi, nikazigawa nne nne, nikapanda kigoda, nikaingiza mstari wa kwanza, wa pili, kisha wa tatu. Umeme ukawaka. Hazikupita dakika kumi. Vibua vya siku mbili alivyokuwa amenunua Feri alfajiri ya jana yake vilikuwa vimelegea, barafu imegeuka maji ndani ya mifuko, na paka wa mtaa walikwisha kupata habari. Shangazi hakusema kitu juu ya samaki. Alisimama nyuma yangu, akaitazama taa, akasema, "Kumbe ni mimi tu mwanangu. Akili zimezeeka."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niende studio wiki ile nikiwa na hasira, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Kwani shangazi hakukosea kwa sababu ya uzee. Nitathibitisha.

Kwanza lakini nikiri kosa langu. Tangazo la zoezi lile la mwaka 2024, la kwamba wateja watapewa mafungu matatu ya tarakimu na wayaingize kwa mpangilio, nililisoma mimi mwenyewe kwenye kipaza sauti, na si mara moja. Nililisoma vizuri, kwa sauti ile tunayofundishwa, nikatamka kila neno bila kujikwaa, kisha nikaenda kunywa chai. Chuoni, nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, mwalimu wetu wa redio alikuwa akiturudishia kazi zetu zimechorwa kwa wino mwekundu na swali moja pembeni: msikilizaji anaweza kurudi nyuma? Maana msomaji wa gazeti akipotea huirudia sentensi, bali msikilizaji akipotea amepotea. Lile tangazo lilikuwa na maneno ya kitaalamu matatu katika sentensi moja. Shangazi alilisikia. Aliniambia alilisikia, na alifurahi kusikia sauti yangu. Hakuelewa hata neno moja lililomhusu yeye na friza yake.

Sasa tuifungue hiyo mita tuone kilichomo, kwani mambo haya yanaelezeka, na wakubwa wanaosema kwamba ni ya wataalamu peke yao wanatuonea.

Mita nyingi za kulipia kabla ambazo tunazo Afrika Mashariki hufuata utaratibu mmoja uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa inaanza kupeleka umeme kwenye mamilioni ya nyumba ambazo hazikuwahi kuwa nao. Wabunifu walikabiliwa na swali gumu: mita itajuaje kwamba mteja amelipa, ikiwa nyumba yenyewe haina waya wa simu wala mawasiliano yoyote na ofisi? Jibu lao lilikuwa la werevu sana. Walisema habari za malipo zifungwe ndani ya namba, na mteja aibebe namba hiyo mpaka nyumbani.

Basi, msomaji wangu, fahamu kwamba katika mpango huu wewe ndiwe waya. Ofisini kuna kompyuta, ukutani kwako kuna mita, na baina yao hakuna kitu kingine ila macho yako na kidole chako. Unatumika kama tarishi, bila mshahara wala sare.

Na ule mzigo unaoubeba si namba ya ovyo. Ndani ya tarakimu 20 mna kiasi cha umeme ulichonunua, mna dakika ambayo namba hiyo ilitengenezwa, na mna alama ya ukaguzi ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichobadilika njiani. Vyote hivyo vimefumbwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako pekee, ndiyo sababu namba ya jirani haiingii kwako hata ukiiomba kwa upole. Kwa kuwa vimefumbwa pamoja, ukikosea tarakimu moja tu, fumbo zima huvurugika. Mita haiwezi kukuambia kwamba umekosea ya kumi na tatu. Yenyewe haijui. Inachoona ni vurugu, inakataa, na wewe unaanza upya kutoka ya kwanza. Hata kadi ya benki, ambayo namba yake kwa kawaida ni ya tarakimu 16, ile ya mwisho imewekwa ili kunasa kosa la mwandikaji. Lakini yule anayeandika kadi ya benki kwa kawaida ameketi, ana taa, na hana samaki wanaoyeyuka.

Sasa ile habari ya mwaka 2024. Nimesema kwamba kila namba hubeba dakika iliyotengenezwa. Dakika hizo zilikuwa zinahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka namba zilizokwisha kutumika ili mtu asiingize namba moja mara mbili, nayo haipokei namba iliyo kuukuu kupita zile inazozikumbuka. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na laki saba na ushei, yaani karibu miaka 32. Mnaoendesha magari ya zamani mnaijua ile hesabu ya kilometa kwenye dashibodi, inapofika tisa tupu na kisha kurudi sifuri, na gari kuukuu likajidai jipya. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 24 Novemba 2024 hesabu ya dakika ilikuwa inafika mwisho na kurudi sifuri. Mita ambayo haikubadilishwa ingeitazama namba mpya, ikaona ni ya mwaka 1993, ikaikataa. Na hilo halikuwa tatizo la Temeke wala la Tanzania. Makumi ya mamilioni ya mita katika nchi nyingi, Kenya na Afrika Kusini zikiwamo, zilikuwa na tarehe hiyo hiyo ya kufa.

Dawa yake ilikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya na kuifanya isahau namba za zamani, ili hesabu mpya ianzie mbele zaidi. Lakini mita haina sikio jingine ila vitufe vyake. Kwa hiyo ufunguo mpya nao ulilazimika kubebwa na tarishi yule yule. Ufunguo ni mkubwa, hauenei katika tarakimu 20, basi ukakatwa vipande viwili. Mstari wa kwanza ni nusu ya ufunguo, wa pili ni nusu yake ya pili, na wa tatu, uliofumbwa kwa ufunguo mpya, ndio umeme wenyewe. Ukianza na wa tatu kama shangazi, ni sawa na kujaribu kufungua mlango kwa ufunguo wa kufuli ambalo bado halijafungwa mlangoni.

Mnaona sasa? Shangazi aliingiza umeme wake sahihi, tarakimu zote 20 sahihi, mara nne mfululizo, gizani, juu ya kigoda. Huyo ndiye mtu aliyejiita kwamba akili zimezeeka! Mimi ninayesoma taarifa ya habari kila siku sina hakika kama ningeweza.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyopata sifa duniani kote akieleza kwamba binadamu akisikia au kuona mfululizo wa vitu, huweza kushika kama saba hivi kwa mara moja, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Hakusema wazee. Alisema binadamu. Kwa hiyo anayekupa tarakimu 20 zilizobanana kama abiria wa daladala la asubuhi, bila nafasi hata moja ya kupumulia, amekwisha kukuandalia kosa. Tarakimu zile zile zikiachiwa nafasi kila baada ya nne, jicho hupata mahali pa kushika, na kidole hujua kilipofika. Ujumbe aliopokea shangazi siku ile, kutoka kwa wakala aliyemuuzia kwa njia ya simu, haukuwa na nafasi. Kuweka nafasi nne katika kila mstari kungemgharimu kiasi gani mtu aliyetengeneza ujumbe ule? Naona hata dakika moja ya kazi yake haikupatikana.

Nasema hivyo kwa sababu ipo mifano ya watu waliopata hiyo dakika. Tazama vitufe vya simu yako. Moja, mbili, tatu ziko juu. Sasa chukua kikokotoo cha mwenye duka. Moja, mbili, tatu ziko chini. Mpangilio wa simu haukuangukia pale kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla simu za kubonyeza hazijaingia sokoni, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani waliwaita watu wa kawaida, wakawapa mipangilio mbalimbali ya vitufe, mingine ya duara kama simu za kuzungusha, mingine ya mistari miwili, mingine kama kikokotoo. Wakapima nani anabonyeza haraka, nani anakosea, na watu wanapenda upi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960, na simu zenyewe zikaanza kutolewa kwa wateja mwezi Novemba 1963. Hakuna aliyewaambia wale watu kwamba akili zao zimezeeka. Walipokosea, kilichobadilishwa ni vitufe.

(Na wewe mwenye duka unayejisifu kupiga hesabu bila kutazama kikokotoo, jihadhari unapoingiza umeme wa jirani. Vidole vyako vimezoea upande mwingine. Nimeshuhudia mtu akiingiza saba kila palipoandikwa moja, kwa kasi ya ajabu na kwa kujiamini kabisa.)

Mfano wa pili uko kwenye mashine ya benki ya kutolea fedha. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya namna hiyo huko Enfield, kaskazini mwa London. Aliyeongoza kazi ya kuibuni, John Shepherd-Barron, alisimulia baadaye kwamba alikusudia namba ya siri iwe na tarakimu 6, kwani yeye aliikumbuka namba yake ya jeshi bila shida. Wakiwa jikoni akamuuliza mkewe, Caroline. Mama yule akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne, na mpaka leo, Kariakoo na kwingineko duniani, namba za siri nyingi ni za tarakimu 4. Mtu mmoja aliulizwa swali jikoni kwake. Mashine za namna hiyo zilipoenea ikaonekana kwamba zile zinazotoa fedha kwanza zinawafanya watu wasahau kadi, maana mtu akishashika alichokifuata huondoka. Basi mashine nyingi zikageuzwa: kadi kwanza, fedha baadaye. Kosa likapungua, na hakuna mteja aliyepelekwa semina.

Hata hizi huduma za fedha kwa simu, ambazo ni fahari yetu Afrika Mashariki, zilizaliwa kwa kuwatazama watu. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo. Waliokuwa wakiisimamia waliona watu wanaitumia kwa mambo mengine, wanatumiana wao kwa wao. Hawakuwakemea. Ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, kutumiana fedha ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Na leo, unapotaka kutuma fedha, jina la mpokeaji hukutokea kwanza kabla hujathibitisha. Zamani mtu aliyekosea tarakimu moja alizipeleka ada za mtoto kwa mtu asiyemjua, kisha akaanza kumbembeleza kwa simu. Tarakimu za simu hazikupungua, na sisi hatukuongezewa akili. Liliongezwa jina tu.

Lakini nisiimbe sifa tu. Zile menyu zinazotokea unapobonyeza nyota na reli zina tabia moja ambayo wazee wengi wanaichukulia kuwa ni dharau. Hazihitaji intaneti, zinakwenda kwenye simu ya bei yoyote, na hilo ni jambo jema mno. Ila kila ukurasa wake hauwezi kuzidi herufi 182, pamoja na nafasi, na mtandao huishikilia mazungumzo yako kwa muda mfupi tu. Herufi 182 ni chache. Ndiyo sababu maneno yanakatwa mikia, na mambo kumi yanagawanywa katika kurasa tatu, la unalolitaka likiwa la tatu, chini ya neno "Zaidi". Anayesoma upesi hupita. Anayesoma polepole, anayehakikisha kila neno kwa sababu ni fedha yake ya mwisho, huyo ndiye hukatwa katikati na kurudishwa mwanzo. Yaani mwangalifu ndiye anayeadhibiwa.

Na hapa ndipo hasara inapoingia ndani zaidi kuliko vibua vilivyooza. Mtu akikatwa mara tatu anatafuta msaada. Shangazi alitafuta. Namba yake ya siri anaijua yeye, ninaijua mimi, anaijua mjukuu, na anaijua kijana wa kibanda cha pale kona. Siri ya watu wanne! Nilipomuuliza kwa nini, alisema yule kijana ni mtoto mzuri, kwao anapafahamu. Huenda. Lakini katika mazungumzo yetu ya asubuhi ile, tukikausha maji ya friza, aliniambia kwamba kuna wakati shilingi 30,000 zilipungua kwenye simu yake naye hakuuliza mtu. Hakuuliza kwa sababu hakuwa na hakika kama si yeye aliyebonyeza vibaya. Mtu aliyekwisha kuaminishwa kwamba yeye ndiye mwenye kosa hawezi kudai chake. Anaogopa kuambiwa ndiye.

Wapo wataalamu watakaoniambia kwamba tatizo hili linakwisha, kwa sababu mita za kizazi kipya zina laini ya mawasiliano ndani yake, unalipa na umeme unaingia wenyewe bila tarakimu. Ni kweli, mita hizo zipo, nami nazisubiri kwa hamu. Lakini nyumba nyingi bado zinaishi na vitufe, na vile vidude vya mkononi ambavyo wengine mnaviita rimoti, vyenye kuhitaji betri ambazo huisha siku ile ile umeme unapoisha. Na nina wasiwasi mwingine. Kama aliyetengeneza ujumbe wa mistari mitatu hakumwona shangazi, ataanzaje kumwona akitengeneza programu ya simu kubwa yenye picha, ambayo yeye hana?

Nilivyokuwa nikiyasema haya studio, fundi wetu wa mitambo, kijana mpole, aliniuliza kupitia kioo nilitaka wafanyeje, maana mita haina sikio na ufunguo lazima uingie. Swali zuri. Nilitaka mistari ile iandikwe "Kwanza", "Pili", "Tatu", kwa Kiswahili, na kila mmoja uwe katika ujumbe wake. Nilitaka zigawanywe nne nne. Nilitaka ujumbe uanze na maneno kwamba leo tu utaingiza mafungu matatu, wiki ijayo utarudia moja kama kawaida. Na zaidi ya yote nilitaka kabla ya kuutuma kwa watu wote, mtu mmoja auchukue ujumbe ule, apande daladala, ampelekee mama mmoja wa makamo ya shangazi, ampe kigoda na tochi, asimame kando akitazama, afunge mdomo. Robo saa ingetosha kumwonyesha kila kitu. Fundi akacheka, akasema basi na wewe tangazo lako ungelimsomea nani? Nikanyamaza. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, tukaendelea na kipindi.

Tangu siku ile nimekuwa nikimsomea shangazi matangazo kabla sijayasoma redioni, yale yanayohusu vitu vya kubonyeza. Nampigia simu, namsomea, kisha namwomba anieleze kwa maneno yake nilichosema. Mara nyingi anachonieleza sicho nilichosoma, nami narudi kuandika upya, mhariri wangu akinitazama kwa jicho la pembeni. Yeye amenunua daftari la mistari mipana. Kila namba ya umeme inapoingia huinakili humo kwa kalamu ya wino mzito, nne nne, kabla ya kupanda kigoda, na akishaingiza fungu moja hulikata kwa mstari. Tangu wakati huo mita haijamkataa. Namba ya siri ameibadilisha, na safari hii hata mimi hakuniambia.

Juzi nilimweleza kwamba mita zilizohamishiwa kwenye hesabu mpya zinahesabu kuanzia mwaka 2014, na kwamba nazo zitajaa baada ya miaka ile ile 32 kasoro, yaani Novemba 2045. Alihesabu kwa vidole, polepole.

"Nitakuwa na miaka themanini na tisa," akasema. "Hicho kigoda nakuachia wewe."